Hedhi isiyokuja, kisha isiyokatika: PCOS, matibabu yake na hukumu zake



Dada mmoja kutoka Pemba alituletea swali la twahara. Ana umri wa miaka 26 na huu ni mwaka wake wa nne katika ndoa. Hedhi yake hupotea miezi mitatu, mara nyengine minne, na ikija hukaa siku 20 au zaidi. Alichotaka kujua ni kimoja tu: katika siku hizo aswali au asiswali? Lakini mwisho wa ujumbe wake, kama mtu anayeongeza jambo dogo, akaandika kwamba mama mkwe wake anasema ana shetani aliyemfunga kizazi, kwamba ameshapelekwa kwa waganga watatu, na kwamba mumewe anashauriwa aoe mke mwengine atakayezaa. Hospitali hajakwenda hata mara moja kwa jambo hilo.

Swali la Swala tutalijibu humu humu. Ila tuliona si haki kumjibu hilo peke yake na kuliacha lililo nyuma yake, kwa sababu maswali ya namna hii yanatufikia mengi, na wanaouliza wengi wao wanafikiri wana tatizo la fiqhi tu, kumbe wana maradhi yanayojulikana na yanayotibika. Sisi si madaktari wake, wala hatuwezi kumpima mtu kwa ujumbe. Tunachoweza ni kueleza yale ambayo daktari yeyote wa wanawake angeyafikiria mwanzo akisikia maelezo hayo.

Maradhi yenyewe huandikwa kwenye karatasi za hospitali kwa herufi nne: PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wanayo, na kwamba katika walio nayo duniani, hadi 70 kwa 100 hawajijui. Kwa hesabu hiyo, katika darasa la wasichana 40 wa skuli yoyote hapa visiwani wanaweza kuwemo wanne au watano.

Jina linavyopotosha

Watu wakiambiwa "una vifuko kwenye ovari" husikia uvimbe, na neno uvimbe huwapeleka moja kwa moja kwenye kisu cha upasuaji au kwenye saratani. Sivyo. Vile vinavyoonekana si uvimbe hata kidogo. Ni vijumba vidogo vya mayai ya uzazi ambavyo vilianza kukua vikasimama njiani.

Kwa kawaida, kila mwezi vijumba kadhaa huanza kukua ndani ya ovari. Kimoja hutangulia, hukomaa na kupasuka, na yai likatoka. Baada ya yai kutoka, mahali pale hutengeneza homoni inayoitwa projesteroni, ambayo kazi yake ni kuutuliza ukuta wa ndani wa kizazi. Mimba isipoingia, homoni hiyo hushuka, ukuta ule humomonyoka, na hiyo ndiyo hedhi.

Kwa mwenye PCOS vijumba huanza, lakini hakipatikani cha kutangulia. Vinajipanga ukingoni mwa ovari kama shanga zilizotungwa, kila kimoja kina milimita chache tu. Yai halitoki, kwa hiyo projesteroni haipatikani, kwa hiyo hedhi haiji. Lakini homoni nyengine, estrojeni, inaendelea kuujenga ukuta wa kizazi mwezi baada ya mwezi bila ya kitu cha kuuzuia. Ukuta unakuwa mnene, na siku unaposhindwa kujishikilia unabomoka vipande vipande, leo huku na kesho kule. Ndiyo maana damu ikija haijui kukatika. Miezi mitatu mikavu ya dada yetu na siku zake 20 za damu ni jambo moja lililoonekana kwa sura mbili.

Na hapa pana sababu ya kutolipuuza hata kwa msichana ambaye hana haja ya mtoto leo. Ukuta wa kizazi unaojengwa miaka mingi bila ya kushuka unaweza kubadilika, na mwanamke wa aina hii yumo katika hatari zaidi ya saratani ya ukuta wa kizazi kuliko wenzake. Hatari hiyo kwa msichana ni ndogo, na huzuilika kwa kuhakikisha kizazi hakikai muda mrefu bila ya kujisafisha.

Jawabu la Swala

Tunajibu kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi visiwani kwetu. Miezi isiyo na damu, yeye yuko twahara. Twahara haina ukomo wa juu, hata ikiwa mwaka. Anaswali, anafunga, na wala haimfalii kuacha Swala kwa kuwa "tarehe zangu zimefika" wakati hajaona kitu.

Damu ikija, uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, na wingi wake ni siku 15. Damu ikisimama kabla ya kuvuka siku 15, yote ni hedhi, hata kama rangi zilibadilika. Ikivuka siku 15, hapo tunajua kuwa hedhi imechanganyika na istihadha, yaani damu ya maradhi. Atazame sifa za damu: ile nzito, nyeusi au nyekundu iliyokoza ndiyo hedhi, na ile nyepesi iliyofifia ni istihadha. Kama hawezi kutofautisha, anarudi kwenye ada yake aliyokuwa nayo kabla ya kuharibikiwa, ikiwa anaikumbuka. Swala alizoziacha katika siku ambazo baadaye zimebainika kuwa ni istihadha atazilipa. Yapo masharti na hali nyengine, kama ya yule ambaye tangu kuvunja ungo hakuwahi kuwa na ada. Huyo ni bora akae na mwalimu amhesabie siku zake mwenyewe badala ya kusoma hesabu za mtu mwengine.

Katika siku za istihadha anajisafisha, anajifunga vizuri, anatia udhu kwa kila Swala ya faradhi baada ya wakati kuingia, na anaswali hata kama damu inatoka. Anafunga. Na mumewe ni halali yake.

Hadithi ya Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim ndiyo msingi wa mlango huu. Alimwendea Mtume (S.A.W.) kulalamika kuwa damu haimkatiki, akafahamishwa kuwa ule ni mshipa, si hedhi, na akafundishwa namna ya kuswali. Wapo wanaoshikilia Hadithi ya Hamna bint Jahsh (R.A.) katika Abu Dawud na Tirmidhi, ambamo limetajwa teke la shetani, wakaifanya hoja ya kumpeleka mwanamke kupungwa. Waisome mpaka mwisho. Hamna alielekezwa atumie pamba, ahesabu siku 6 au 7, kisha aoge na aswali. Hakuelekezwa kwa mpungaji.

Yatokayo wapi

Daktari akisema "homoni zimevurugika", wagonjwa wengi hutoka nje hawajaelewa kitu. Tufafanue kidogo. Kila mwanamke ana kiasi kidogo cha homoni zinazojulikana kuwa ni za kiume, kama testosteroni. Mwenye PCOS, ovari zake hutengeneza nyingi zaidi. Hizo ndizo zinazoota ndevu kidevuni na masharubu, zinazoleta chunusi ambazo hazisikii sabuni, na zinazopunguza nywele utosini. Hizo hizo zinashiriki kuvizuia vijumba vya mayai visikomae.

Na kwa nini ovari zizidishe? Mara nyingi nyuma yake ipo insulini, ile homoni inayoingiza sukari mwilini kutoka kwenye damu. Kwa wengi wenye PCOS mwili haiitikii insulini vizuri, basi kongosho huzidisha kuitoa. Insulini ikizidi, huichochea ovari itengeneze homoni za kiume, na wakati huo huo hulifanya ini lipunguze protini ambayo kazi yake ni kuzishika homoni hizo zisizurure. Uzito nao huongezeka, hasa tumboni, na uzito ule huzidisha tena ukaidi wa mwili kwa insulini. Ni duara. Aliyeanza na homoni anafika kwenye uzito, na aliyeanza na uzito anafika kwenye homoni.

Alama moja ya insulini iliyozidi tunaitaja kwa sababu inawadhalilisha mabinti bure: weusi kama wa mahameli nyuma ya shingo, kwapani au mapajani. Mama humwambia mtoto hajui kuoga. Bibi harusi husuguliwa singo mpaka ngozi ikachubuka, na weusi uko pale pale. Si taka ile. Ni ngozi inayosema kwamba damu ipimwe sukari.

Husemwa sana kuwa haya ni maradhi ya wanawake wa kisasa, na kwamba bibi zetu hawakuwa nayo. Kauli hii ina nusu ya ukweli. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliyaandika mwaka 1935 baada ya kuwachunguza wanawake saba, zamani sana kabla ya chipsi na simu. Tena maradhi haya yana urithi mkubwa: mama, khalati au dada akiwa nayo, uwezekano wa binti kuwa nayo unapanda. Bila ya shaka walikuwemo bibi zetu waliokuwa nayo, wakaitwa tasa, wakaachwa, na hakuna aliyewapima.

Nusu iliyo kweli ni kwamba maisha ya sasa yanaamsha kilicholala. Bibi aliyekuwa akienda shamba kwa miguu, akichota maji na kutwanga, mwili wake ulikuwa ukiitumia sukari yote anayoila. Mjukuu wake anaanza siku kwa chai ya sukari na maandazi, mchana wali, jioni chipsi na soda, na kutwa nzima yuko kwenye kiti, ama cha skuli ama cha ofisi. Urithi ni ule ule, lakini sasa umepata pa kusimama. Hata hivyo tusiwahukumu watu kwa macho. Wapo wembamba wenye PCOS, na mara nyingi ndio wanaochelewa kugunduliwa kwa sababu kila mtu anasema "huyu mzima".

Kuhusu nywele za usoni, tunaulizwa kama kuziondoa ni katika yale yaliyokatazwa. Imamu Nawawi ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba mwanamke akiota ndevu au masharubu, kuziondoa si haramu, bali kwetu sisi Mashafi ni jambo linalopendeza. Ibn Jarir alikuwa na rai tofauti, lakini kauli ya wengi ni hiyo. Basi dada asiishi na nikabu ndani ya nyumba yake kwa kuogopa dhambi ambayo haipo.

"Akiolewa itarudi"

Kauli hii imewachelewesha wengi. Msichana wa miaka 17 anakaa miezi minne bila ya hedhi, na bibi yake anasema akiolewa itarudi. Anaolewa, haikurudi, na sasa tatizo ambalo lingetibiwa kimya kimya limekuwa la ukoo mzima.

Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kwenda mbio au kuchelewa ni kawaida na haina haja ya hofu. Ikishapita miaka mitatu tangu kuvunja ungo, kukaa zaidi ya siku 35 baina ya hedhi na hedhi kila mara, au kupata chini ya hedhi nane kwa mwaka, si kawaida tena. Kukaa zaidi ya siku 90 wakati wowote baada ya ule mwaka wa kwanza ni sababu ya kumwona daktari, na vile vile kufika miaka 15 bila ya kuvunja ungo.

Kwetu mtoto wa kike mara nyingi hamwambii mama yake habari hizi. Humwambia somo wake au bibi, na pengine hamwambii yeyote kwa sababu anajua kitakachofuata. Msichana ambaye hajaolewa akisema hedhi imekosekana, jambo la kwanza linaloingia kichwani mwa watu wazima ni mimba. Tunajua wasichana waliopigwa kwa sababu hiyo, na hawakuwa na mimba wala hawakumjua mwanamme. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa dhana nyingi, na kumtuhumu zinaa mwanamke aliyejihifadhi ni katika madhambi makubwa. Hospitali itapima mimba kwa sababu ndio utaratibu wa kila mwanamke aliyekosa hedhi, na jambo hilo lifanyike kwa upole kama kipimo chengine chochote. Asibebeshwe tuhuma.

Atakayokutana nayo hospitali

Hakuna kipimo kimoja kinachosema ndiyo au hapana. Kwa utaratibu uliokubaliwa tangu mkutano wa Rotterdam wa mwaka 2003, na kuboreshwa katika mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, daktari anatafuta mambo matatu: hedhi isiyo na mpango, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijumba vingi. Mtu mzima akiwa na mawili kati ya hayo, na magonjwa mengine yanayofanana yakaondolewa, ndiyo huambiwa ana PCOS. Magonjwa hayo mengine ni kama ya tezi ya shingo na ya homoni ya maziwa kuzidi, na hupimwa kwa damu.

Picha ya altrasaundi peke yake haitoshi. Wapo wenye vijumba vingi ambao hedhi zao ni sawa na hawana tatizo lolote. Kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 8 tangu kuvunja ungo, mwongozo hauitaki kabisa picha hiyo iwe kipimo cha PCOS, kwa sababu ovari za umri huo kwa kawaida huwa na vijumba vingi. Kwake yeye hutazamwa hedhi na dalili za homoni. Na tunawatoa hofu wazazi: bikira akihitaji altrasaundi kwa sababu yoyote, hupimwa kwa juu ya tumbo. Mzazi ana haki ya kuomba daktari mwanamke, na ana haki ya kubaki chumbani.

Aombe pia apimwe shinikizo la damu na sukari, na cha sukari kilicho bora ni kile cha kunywa maji ya glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili. Mwenye PCOS yuko karibu zaidi na kisukari cha ukubwani, na sukari ikigunduliwa mapema husaidia mambo mengi.

Matibabu

PCOS haina dawa ya kuing'oa mara moja, lakini inaendeshwa, kama linavyoendeshwa shinikizo la damu. Na matibabu yanategemea mwanamke anataka nini wakati huo.

Chakula na mwendo ni vya wote. Mwenye uzito mkubwa akipunguza sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mwenye kilo 80, mara nyingi hedhi huanza kurudi yenyewe. Hakuna chakula maalumu kilichothibiti kuwa bora kuliko vyengine kwa maradhi haya, kwa hiyo msihangaike na mipango ya bei ghali inayouzwa kwenye simu. Chungu ni kile kile cha nyumbani, kinachobadilika ni pakuo. Wali upungue, samaki, kunde, choroko na mchicha viongezeke. Sukari ya chai ipunguzwe kijiko baada ya kijiko, na soda na juisi za pakiti ziondoke nyumbani kabisa, kwa sababu zikiwepo zitanywewa. Halua ni ya sikukuu na wageni, irudi huko. Na isiwe mgonjwa anapikiwa peke yake huku wengine wanakula biriani mbele yake. Tumeona hilo, na halidumu wiki mbili.

Kuhusu mwendo, makadirio ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, yaani nusu saa kwa siku tano. Kinamama wa mtaa mmoja wanaotoka watatu wanne baada ya Alfajiri wanapata usalama, stara na mazungumzo. Waume wawape nafasi hiyo. Nusu saa ya kumshika mtoto asubuhi si mzigo.

Vidonge vya majira ndivyo vinavyozua ugomvi mkubwa. Daktari anamwandikia binti wa miaka 18, na baba anapandwa na hasira: mwanangu hajaolewa, vya nini? Vidonge hivyo hapa ni dawa. Vinaushusha ukuta wa kizazi kwa mpango, na vinapunguza homoni za kiume, chunusi na nywele. Haviui kizazi, na vikiachwa uwezo wa kuzaa haupungui kwa sababu yake. Ila havimfai kila mtu: mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu mishipani, au mwenye kipandauso kinachokuja na miale machoni, amwambie daktari kabla. Anayevikataa au asiyefaa kwavyo anaweza kupewa vidonge vya projesteroni vya siku chache kila baada ya muda, ili kizazi kisikae zaidi ya miezi mitatu bila ya kujisafisha. Damu inayokuja kwa vidonge, ikiwa ndani ya mipaka tuliyoitaja, huchukuliwa kuwa ni hedhi.

Metformini, ambayo wengi wanaijua kuwa ni dawa ya kisukari, hupewa kwa ajili ya ile insulini. Huanzwa kidogo kidogo na hunywewa pamoja na chakula, kwani inaweza kuharisha mwanzoni. Ramadhani ikikaribia mgonjwa azungumze na daktari wake, kwani kwa kawaida dozi hupangika baina ya futari na daku.

Ama anayetafuta mtoto, habari njema ni kwamba tatizo lake aghlabu ni yai kutotoka tu, na yapo madawa ya kulitoa. Iliyotangulizwa sasa ni letrozoli, inayonywewa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, na klomifeni ilikuwepo kabla yake. Zote hizi ni za kunywa chini ya uangalizi. Kuzinunua dukani kwa kuambiwa na wifi ni kujitia hatarini. Akishika mimba apimwe sukari mapema, kwa sababu kisukari cha mimba kinawapata zaidi wenye PCOS. Yakishindikana hayo yote, kupandikiza mimba nje ya kizazi kulijadiliwa na Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao cha Amman mwaka 1986, na kukaruhusiwa panapo haja, kwa mbegu ya mume na yai la mkewe, ndani ya ndoa yao. Mbegu, yai au tumbo la mtu wa tatu haijuzu.

Na kabla ya mwanamke kupewa dozi yoyote ya kutafuta mimba, mume naye apimwe mbegu. Wapo wanaume wanaokataa kwa kusema kutoa manii ni haramu. Kuyatoa kwa mkono wa mkewe si haramu. Tunasikitika kusema kwamba wengi hawakatai kwa sababu ya fiqhi, wanakataa kwa kuogopa jawabu. Mke kupelekwa kwa waganga watatu wakati mume hajapimwa hata mara moja ni dhulma.

Kuhusu uwatu, mdalasini, habbat sauda na hijama: mwenye kuvitumia kwa kiasi na avitumie, lakini hatujaona ushahidi wa kutosha wa kumfanya mtu aache dawa zake. Tunachokihofia zaidi ni chupa za "kusafisha kizazi" zisizo na maandishi ya kilichomo ndani. Kusoma Ruqya ni kheri wakati wote, na hakupingani na kwenda hospitali. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu.

Kwa aliyeachwa

Limebaki jambo moja ambalo halisemwi mpaka likawa kesi. Mwenye PCOS akiachwa, eda yake inahesabiwaje? Yeye ni katika wanaopata hedhi, kwa hiyo eda yake ni quruu tatu, si miezi mitatu ya kalenda, hata kama quruu hizo zitachukua mwaka. Ikiwa hedhi imekatika moja kwa moja, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni nzito: asubiri mpaka irudi au afike umri wa kukatikiwa. Wapo maimamu waliofuata hukumu ya Sayyidna Umar (R.A.), ya miezi tisa ya kungojea kisha mitatu ya eda. Hili si la kuamua nyumbani. Mwanamke aende kwa Kadhi akiwa na karatasi yake ya hospitali, na wapo walioolewa tena kwa hesabu ya miezi mitatu kisha ndoa ikatiwa shaka. Matibabu yakirudisha hedhi, humfungulia mlango huo pia.

Dada yetu wa Pemba tulimwandikia hukumu ya Swala zake kwa siku alizotutajia, tukamwomba aanze kuandika kwenye daftari tarehe ya kuanza na kukatika kwa kila damu, na aende hospitali na daftari hilo na mumewe pamoja. Kuhusu mke wa pili, tulimwambia kuwa mume ana haki yake katika Sharia na hatuwezi kumzuilia. Lakini akitaka kuoa kwa sababu ya mtoto, kwanza apimwe na yeye.

Wallahu aalam.